Anayeposa kwa Sura ya Mtu Mwengine

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu, na nyinyi vijana mlioijaza kumbi hii ya Chake Chake, ahsanteni kwa kunialika. Swali nililopewa ni hili: mtu anayefanya mapenzi ya mtandaoni kwa jina na picha zisizo zake, awe na hatia mbele ya sheria? Nasema wako wa kufungwa na wako wasiostahiki kufungwa, na tukiwachanganya tutawaumiza wasiokuwa na kosa.

Tuanze na sheria tuliyonayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Unguja na Pemba kama inavyotumika Dar es Salaam. Inakataza kutumia kompyuta, na simu zetu hizi zimo, kujifanya mtu mwengine. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara 3 ya faida aliyoipata mkosaji, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kutapeli fedha ni kosa jengine mbali. Kwa hiyo anayeiba picha za daktari wa kweli, akajiita jina lake, kisha akaomba nauli ya kuja kuposa, huyo ana kesi tayari.

Sasa tuseme amebuni mtu asiyekuwepo. Anajiita mfanyabiashara wa Muscat, na uso ameutengeneza kwa akili mnemba. Hakuomba hata senti. Binti wa Wete amezungumza naye miaka miwili, amekataa posa mbili za watu wa kweli, amempa siri za nyumbani kwao na picha asizomwonesha mtu. Siku moja laini inazimwa. Hapa wakili wa mtuhumiwa atauliza: mteja wangu kajifanya nani, na yuko wapi huyo mtu aje atoe ushahidi? Sioni jawabu nyepesi katika sheria ya leo. Na jeraha la binti yule ni kubwa kuliko la aliyepoteza laki mbili.

Wazee mliopo hapa mnajua posa zilivyokuwa zikienda. Akija mshenga, hapewi jawabu siku ile. Huulizwa: mtoto wa nani, anakaa mtaa gani, anasali mskiti gani, ana mke? Waongo walikuwepo hata zamani, lakini uongo wao ulipita mbele ya shangazi, wajomba na majirani kabla ya kumfikia bi harusi. Simu imewaondoa waulizaji wote, binti amebaki peke yake usiku na kioo mkononi. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema mwenye kutughushi si katika sisi. Alilisema hilo sokoni, penye nafaka kavu juu na iliyorowa chini. Ikiwa nafaka ina ulinzi huo, ndoa je?

Lakini sitaki sheria ya kukataza jina la uongo peke yake. Fungueni simu zenu. Wangapi humu dada zetu picha yao ni ua la waridi, na jina ni Ummu Fulani? Hawamdanganyi mtu. Wanajisitiri, na ni haki yao. Sheria pana itawakamata hao mwanzo, kwa sababu ndio wepesi kuonekana. Hata aliyejipunguzia miaka mitano, au aliyepiga picha kwenye gari ya rafiki yake, simtakii jela. Aibu yake inamtosha.

Wenzetu nje wamejaribu njia tafauti. Jimbo la Oklahoma, Marekani, mwaka 2016 lilipitisha sheria inayompa mwenye picha iliyoibwa haki ya kudai fidia mahakamani. Yule aliyependa akadanganyika, sheria ile haikumtazama yeye. Na Belfast, Oktoba 2024, Alexander McCartney alihukumiwa kifungo cha maisha, asiweze kuomba kutoka kabla ya miaka 20. Alikuwa akijifanya msichana mtandaoni, akipata picha za watoto wa kike, kisha akiwatisha kwazo. Mmoja wao, mtoto wa miaka 12 huko Marekani, alijiua, na mtu yule akatiwa hatiani kwa kusababisha kifo chake.

Basi ningeiomba serikali itazame kilichochukuliwa. Mtu akipata kwa utambulisho wa uongo fedha, picha za siri, mwili wa mtu au ahadi ya ndoa, liwe kosa, hata kama uso alioutumia hauna mwenyewe. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2018 iko mikononi mwa Baraza letu la Wawakilishi. Linaweza kuirekebisha wenyewe likitaka. Na mlalamikaji aliyetuma picha kwa kuhadaiwa asigeuzwe mshitakiwa. Hili naliomba kwa nguvu zote. Mabinti hawaendi polisi kwa sababu wanaogopa kuulizwa wao walituma nini, na baba asikie.

Na wewe uliyomo humu ambaye jambo hili limekufika: najua unatamani kufuta kila kitu. Usifute. Hifadhi ujumbe, namba na risiti za miamala, kisha mtafute mtu mmoja mzima unayemwamini uende naye. Nitabaki hapa mpaka baada ya Magharibi.