Anza na Gumba

Ndugu zangu, nianze na ukuta. Kule Clinton, Tennessee, Marekani, kwenye Makumbusho ya Appalachia, yaani ya maisha ya watu wa milima ya Appalachia, nilisimama mbele ya nyumba ya magogo mpaka mwenzangu akaenda kunywa kahawa na kurudi. Magogo yamechongwa kwa shoka, ncha zimekatwa mshazari zikashikana kwenye pembe. Msumari hamna. Na kati ya gogo na gogo pamekandikwa udongo. Nikacheka peke yangu: kumbe kukandika si kwetu tu!

Mahali hapa palianzishwa mwaka 1969 na John Rice Irwin, mtu wa mambo ya elimu. Kwao walihamishwa mara mbili angali mdogo. Kwanza lilikuja bwawa la Norris, lililojengwa 1933 hadi 1936. Halafu 1942 serikali ikachukua ardhi ijenge Oak Ridge, mji wa siri wa kurutubisha urani ya bomu la atomiki. Basi msimshangae alipokuja kukusanya vyombo vya majirani: majembe, vyombo vya kusukia maziwa, hata nyumba nzima nzima zilizobomolewa gogo kwa gogo zikasimamishwa upya. Na alitaka ijulikane kila kitu kilikuwa cha nani.

Lakini mimi nilifuata muziki. Barazani alikaa mzee na banjo, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, tausi wakijipitia uani. Tazameni banjo vizuri: uzi wa tano ni mfupi, kigingi chake kimechomekwa katikati ya shingo. Gumba linaurudia kila mara; hauufuati wimbo, unavuma tu sambamba nao.

Wengi huidhani banjo mali ya wazungu wa milimani. Fidla ndiyo ilitoka Ulaya. Banjo waliiunda Waafrika waliofanywa watumwa, kwa kibuyu na ngozi. Wazungu waliichukua kwa wingi karne ya 19. Wajola wa Senegal na Gambia hadi leo wanapiga akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye uzi mfupi wa gumba. Wala nisijitwalie sifa: hiyo ni Afrika Magharibi, si pwani yetu.

Nilimwambia mzee habari za kibuyu. Hakubisha. Akanipakatisha banjo yake, nami nikaanza kuparura nyuzi zote kwa pamoja kama mtoto.

“Hapana,” akasema, akinishika mkono. “Anza na gumba.”