Çıralı: Kijiji cha Uturuki Kinachozima Taa kwa Ajili ya Kasa

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia Çıralı, jina ambalo Waturuki hulitamka Chirali, kijiji cha pwani kilichoko takriban kilomita 80 kusini-magharibi mwa jiji la Antalya. Watu wetu wengi wanaokwenda Uturuki, watokee Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Nairobi, hushuka Istanbul, wakazuru misikiti na masoko yake, kisha wakarejea nyumbani. Safari hiyo ina thamani yake, lakini si mapumziko, kwa kuwa Istanbul ni jiji kubwa lenye pilikapilika zake. Kaka Hamisi, wewe umekaa Çıralı. Hebu tuanze na mahali penyewe palivyo.

HAMISI: Ahsante, Dada Zuhura. Mtu anayetoka Antalya hufuata barabara kuu ya pwani, upande mmoja bahari na upande mwingine milima ya Taurus, mpaka afike njia panda iliyo juu milimani karibu na kijiji cha Ulupınar. Hapo huiacha barabara kuu na kuteremka kilomita 7 za kona kali katikati ya misonobari, na mwisho wa mteremko huo ndipo kilipo kijiji. Mabasi madogo ya abiria, ambayo wao huyaita dolmuş, huwachukua watu pale njia panda na kuwashusha chini. Utakachokiona ni ufukwe unaozidi kilomita 3, mlima Tahtalı wenye urefu wa mita 2,365 ukiwa umesimama kwa nyuma, na nyumba za wageni zilizofichwa ndani ya mashamba ya michungwa na mikomamanga. Nyingi ni vibanda vya mbao vinavyoendeshwa na familia, na hakuna ghorofa hata moja linalouzidi mti kimo.

ZUHURA: Hilo ndilo linalonishangaza. Mji wa Kemer, ulio kaskazini yake kwenye pwani hiyo hiyo, umejaa mahoteli makubwa ambayo mgeni huvishwa bangili mkononi, akala na kuogelea humo humo bila kutoka nje ya geti. Iweje Çıralı ibaki jinsi ilivyo?

HAMISI: Jiografia imesaidia, kwa sababu barabara kuu inapita juu, mbali na bahari. Hata hivyo, barabara mbovu haijapata kumzuia mwekezaji mwenye fedha. Kilichozuia ni sheria. Eneo hilo lote limeshikwa na Hifadhi ya Taifa ya Beydağları, iliyotangazwa mwaka 1972, na ufukwe wenyewe una ulinzi wa kisheria kwa sababu mbili: una magofu ya mji wa kale upande wa kusini, na ni mazalio ya kasa. Ninaomba tukae hapo kwenye kasa, kwa kuwa naamini mtu hawezi kuuelewa utulivu wa Çıralı bila kumwelewa mnyama huyo.

ZUHURA: Kaa hapo, tunakusikiliza.

HAMISI: Kasa wanaotaga Çıralı ni wale wenye vichwa vikubwa, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Caretta caretta. Jike hupanda ufukweni usiku kati ya Mei na Agosti, huchimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, hutaga mayai yanayokaribia 80 au hata kufika 100, hulifukia shimo na kurudi baharini. Mayai hukaa mchangani kwa muda wa miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua kama kifaranga kitakuwa cha kike au cha kiume, kwa maana mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Vifaranga hutoka usiku, na hapa ndipo binadamu anapoingia. Kifaranga hana mama wa kumwongoza. Anachofanya ni kuelekea pale penye mwanga zaidi, na kwa mamilioni ya miaka mwanga huo ulikuwa ni bahari inayoakisi mwezi na nyota. Ukiwasha taa kali ya mgahawa nyuma yake, ataiacha bahari na kuifuata taa, atapotea vichakani, na jua likichomoza atakauka au ataliwa na ndege.

ZUHURA: Kwa hiyo taa inayowekwa ili mgeni ale chakula chake kwa raha inaweza kukiangamiza kiota kizima.

HAMISI: Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana wakati wa msimu Çıralı hupunguza taa zake zinazoelekea baharini, na mgeni hutakiwa asiwashe moto ufukweni, asiingize gari kwenye mchanga na asimulike kwa tochi au simu. Viota huwekewa vizimba vya vyuma ili mbweha wasifukue na watu wasikanyage. Mwanzoni kulikuwa na mashaka, kama inavyotokea popote ambapo mkulima au mvuvi anaambiwa kwamba mnyama ana haki katika ardhi yake. Lakini wanakijiji walishirikiana na tawi la Uturuki la WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira, wakaunda ushirika, na baadhi yao ndio waliokuja kuwa walinzi wa viota. Leo mwenye nyumba ya wageni anajua kwamba mgeni wake amekuja kwa sababu ya giza hilo. Nimekaa kwenye ufukwe huo usiku, Dada, nikaona nyota kwa wingi ambao sikuwa nimeuona tangu utotoni, na ninasema kwa dhati kwamba hakuna hoteli ya kifahari inayoweza kumuuzia mtu kitu kama hicho.

ZUHURA: Nilisoma pia habari ya ufukwe wa İztuzu, karibu na Dalyan, upande wa magharibi wa pwani hiyo, ambako miaka ya 1980 ilipangwa kujengwa hoteli juu ya mazalio ya kasa. Mwanamke wa Kiingereza aitwaye June Haimoff, ambaye wenyeji walimwita Kapteni June, alisimama pamoja na wanasayansi na watu wa mazingira wakaipinga, na mwaka 1988 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi maalumu. Ninalitaja kwa sababu fukwe hizi hazikusalimika kwa bahati; kuna watu waliozisemea wakati ambapo kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi. Na linanigusa kwa sababu nasi tuna kasa. Wanataga Watamu, wanataga kisiwani Juani kule Mafia, na katika maeneo hayo kuna wanakijiji wanaolinda viota usiku kwa malipo madogo. Lakini ukipita sehemu nyingine za pwani yetu utaona hoteli zimeelekeza taa kubwa moja kwa moja majini, ati kupendezesha bahari. Ningependa wenye hoteli hao waende Çıralı waone kwamba giza halimfukuzi mgeni.

HAMISI: Ninaafiki kabisa.

ZUHURA: Sasa tuelekee kwenye magofu.

HAMISI: Ukitembea kwa miguu kuelekea kusini mwa ufukwe utafika mahali ambapo mto mdogo unaingia baharini katikati ya majabali, na hapo ndipo ulipokuwa mji wa Olympos. Huu ulikuwa miongoni mwa miji sita mikubwa ya Shirikisho la Likia, yaani muungano wa miji ya kale ya pwani hii, ambayo kila mmoja ulikuwa na kura tatu katika baraza la pamoja, ilhali miji midogo ilikuwa na kura moja au mbili. Baadaye ukaangukia mikononi mwa maharamia chini ya kiongozi wao Zeniketes, hadi jemadari wa Kirumi Publius Servilius Vatia alipomshinda katika miaka ya 70 kabla ya Kristo. Uzuri wa magofu haya ni kwamba hayakusafishwa yakawa kama uwanja wa maonyesho. Miti imeota ndani ya kuta, mizabibu mwitu imetambaa juu ya milango ya mawe, na maji ya mto yanapita kando ya gati la kale. Kuna kiingilio, na ni vema mtu aende mapema asubuhi kabla ya jua kali.

ZUHURA: Na kaburi la nahodha? Uliniahidi kulizungumzia.

HAMISI: Karibu na mdomo wa mto kuna jeneza la jiwe la nahodha aliyeitwa Eudemos. Ubavuni limechongwa meli, na pamoja nayo kuna shairi la Kigiriki linaloeleza kwamba chombo kimeingia bandari yake ya mwisho na kutia nanga ambayo haitang'olewa tena, kwa kuwa hakuna tena tumaini la upepo wala la mwanga wa mchana. Mtu aliyekulia Lamu au Pemba, ambako kila ukoo una nahodha wake wa kukumbukwa, hahitaji kuelezwa zaidi. Mimi nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama penye jengo lolote la Istanbul.

ZUHURA: Tuendelee na moto, maana watu wengi huusikia moto huo kabla hata ya kulisikia jina la kijiji.

HAMISI: Wenyeji huliita eneo hilo Yanartaş, nalo liko upande wa kaskazini, juu ya mlima. Kuna lango la tiketi, kisha ngazi za mawe za takriban kilomita moja ambazo mtu wa afya ya kawaida huzipanda kwa nusu saa. Ukifika juu utaona mteremko wa mwamba mtupu, na ndani ya nyufa zake moto unawaka wenyewe, makumi ya ndimi, nyingine kubwa za kutosha kuchemshia birika la chai. Kinachowaka ni gesi, hasa methani, inayopanda kutoka chini ya ardhi, na moto huo umewaka hivyo kwa zaidi ya miaka 2,000. Wanasayansi wamevutiwa nao kwa sababu sehemu ya gesi hiyo haikutokana na mabaki ya viumbe kama ilivyo gesi asilia nyingi, bali iliundwa na mabadiliko ya kikemikali ndani ya miamba yenyewe. Wagiriki wa kale walihusisha pwani hii ya Likia na Kimera, dubwana lenye simba kwa mbele, mbuzi katikati na nyoka kwa nyuma, lililotema moto na kuuawa na shujaa Bellerophon. Na chini ya ndimi hizo kuna mabaki ya hekalu la Hephaistos, mungu wao wa moto na uhunzi.

ZUHURA: Mtu aende saa ngapi?

HAMISI: Aanze kupanda saa kumi na mbili jioni au baadaye kidogo kutegemea msimu, ili giza limkute juu. Tochi ni lazima kwa kuteremka, na viatu viwe vya kufunga, kwa sababu mawe yamelainishwa na nyayo za watu wengi.

ZUHURA: Wasikilizaji wetu walio Waislamu watataka kujua habari za chakula na ibada.

HAMISI: Kuna msikiti kijijini na adhana inasikika. Nyama ya nguruwe hutaikuta kwenye migahawa ya kawaida, ingawa pombe inauzwa sehemu nyingi, kwa hiyo asiyetaka kukaa karibu nayo achague nyumba ya familia inayopikia wageni wake. Kifungua kinywa chao kinastahili kungojewa: zeituni, jibini nyeupe, nyanya, matango, mayai, asali, jemu ya machungwa ya shambani hapo hapo, na chai katika bilauri ndogo inayojazwa tena na tena. Kuhusu mavazi, mama aliyevaa buibui na msichana aliyevaa vazi la kuogelea hupita kando kwa kando bila mtu kugeuka kutazama. Mchana mmoja mtu apande Ulupınar, ambako migahawa imejengwa juu ya chemchemi za maji baridi, ale samaki wa maji baridi aitwaye trauti.

ZUHURA: Na kwa watoto na wazee?

HAMISI: Kijiji ni tambarare na baiskeli zinafaa kuliko gari. Nitoe tahadhari moja: ufukwe una kokoto nyingi kuliko mchanga, na maji huingia kina haraka, kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake na viatu vya majini vinahitajika. Kijana anayependa kutembea ataikuta Njia ya Likia, njia ndefu ya miguu iliyofunguliwa mwaka 1999 kwa juhudi za Mwingereza Kate Clow, ambayo inapita hapo hapo na kuendelea kaskazini juu ya majabali kuelekea Tekirova. Anayetaka muziki na marafiki wengi aende upande wa pili wa magofu, kwenye bonde la Olympos lenye vibanda vya juu ya miti. Mimi nisingempeleka mama yangu huko.

ZUHURA: Msimu gani ni bora?

HAMISI: Julai na Agosti kuna joto kali na wageni wengi. Mei na Juni ni kimya, na kasa wanapanda kutaga, ila maji hayajapata joto vizuri. Kuanzia Novemba mvua huanza na nyumba nyingi hufungwa. Ningemshauri mtu mwenye watoto aende mwanzoni mwa Septemba, kwa kuwa bahari bado ina joto, vifaranga wa mwisho bado wanatoka, na asubuhi walinzi huvifungua viota vilivyokwisha kuanguliwa ili kuhesabu maganda. Wageni huruhusiwa kutazama wakisimama mbali kidogo. Mambo ya viza aulize ubalozi wa Uturuki mapema kabla ya kununua tiketi, kwa sababu masharti hutofautiana kwa kila pasipoti.

ZUHURA: Nami ninaongeza jambo moja. Kabla ya kulipia chumba, mwulizeni mwenye nyumba kama taa zake zinaelekea ufukweni na kama anazizima wakati wa msimu. Akijibu vizuri, mpeni fedha zenu. Akisitasita, nyumba nyingine ipo hatua chache mbele, chini ya michungwa ile ile.