Hilo Dude Mbona Halina Macho?

SALMA: Haya tumerudi, na leo nimekuja na karatasi, mambo matano ya kujifunza kuhusu kuzuia plastiki mtoni, nimeyapanga vizuri kabisa na safari hii tunayamaliza yote.

JUMA: Tuanze na uzio wetu wa kuzuia taka mtoni kwanza. Watu wamenitumia meseji kibao wanauliza uzio umepatwa na nini.

SALMA: Uzio umeng'oka jamani. Si mnaijua ile kazi yetu pale chini ya daraja, maboya na wavu, kamba kutoka ukingo huu hadi ule. Sasa ile mvua ya usiku imepiga, asubuhi nafika upande mmoja umelala kingoni kama umechoka, na nyuma yake mto uko wazi, chupa zinapita zinavyotaka. Na kamba haijakatika! Kamba nzima. Kigingi ndo kimetoka, maji yamekula udongo pembeni yake.

JUMA: Na si chupa zilizoung'oa.

SALMA: Chupa ina uzito gani? Watu hawajui hili, kinachoua uzio ni magogo na magugu maji. Yanajipanga nyuma ya maboya mpaka yanakuwa ukuta, na mkondo ukisukuma ule ukuta hakuna kigingi kitakachobaki. Kwa hiyo kazi ya kila siku ya mtu wa uzio ni kutoa majani, plastiki inafuata baadaye.

JUMA: Hiyo imewakuta wakubwa pia. The Ocean Cleanup, lile shirika la kutoa plastiki baharini na mitoni, waliweka ua wa chuma Guatemala mwaka 2022, kwenye mto unaoingia mto mkubwa wa Motagua. Mafuriko ya kwanza yakaleta mlima wa taka, ukashikwa, kila mtu akafurahi, halafu maji yakaanza kuchimba chini ya msingi na taka zikapita. Mwaka 2023 wakarudi na kitu tofauti, maboya mistari miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ule wa kwanza ukizidiwa wa pili unapokea. Na pale panauma zaidi kwa sababu Motagua inamwaga Ghuba ya Honduras, taka za nchi moja zinaenda kulala kwenye fukwe za nchi jirani.

SALMA: Sasa ngoja nikwambie kilichonifurahisha siku hiyo. Tunavuta maboya, tope mpaka kiunoni, kuna mtoto amesimama darajani anatuangalia muda mrefu tu, halafu anapiga kelele, "Shangazi! Hilo dude mbona halina macho?"

JUMA: Nimesema! Nimesema nini kila siku kwenye kipindi hiki?

SALMA: Nilijua tu.

JUMA: Dude lipewe macho! Salma, mji wa Baltimore kule Marekani wameweka macho. Mr. Trash Wheel, yupo pale mto Jones Falls unapoingia bandarini tangu 2014, gurudumu kubwa la maji linazungushwa na mkondo wenyewe, mkondo ukiwa mdogo linasaidiwa na umeme wa jua, maboya yanaelekeza taka mbele, mkanda unazipandisha mpaka kwenye kontena. Mashine ya kawaida kabisa. Wakaibandikia macho mawili makubwa na watu wakaipenda kama ndugu yao. Saivi ni familia ya wanne, kuna Professor, kuna Captain, kuna Gwynnda.

SALMA: Gwynnda the Good Wheel of the West, huyo namjua, ndo wa mwisho kuja, 2021.

JUMA: Unaona, hata wewe unamjua kwa jina! Sasa niambie jina la uzio wa mto wowote mwingine. Hakuna. Na kuna siku walimkuta chatu amepumzika juu ya Mr. Trash Wheel, hai kabisa, habari ikazunguka dunia nzima. Nani angetuma picha ya chatu kwenye mashine isiyo na jina?

SALMA: Chatu ni chatu bwana, ningetuma.

JUMA: Basi wasikilizaji wameshaanza kuleta majina. Kuna "Mzee Maboya", kuna "Mla Chupa", kuna mtu kaandika "Afande", kwa sababu anasimamisha kila kinachopita. Mi naenda na Afande.

SALMA: Afande hapana. Mtu akiogopa uzio hatausogelea kutoa majani. Mi nataka "Mama Mlangoni", anajua nani kaingia nani katoka.

JUMA: Mama Mlangoni halafu macho yake yawe ya kuangalia pembeni hivi.

SALMA: Yawe ya kukuangalia wewe uliyetupa chupa.

JUMA: Na kope!

SALMA: Kope zitanasa magugu, Juma, mi ndo nitakayeyatoa. Haya tuendelee, jambo la kwanza kwenye karatasi ni kwamba teknolojia inafuata mto, mto haufuati teknolojia. Mfano Amsterdam, Uholanzi, tangu 2019 pale kwenye mfereji wa Westerdok wana pazia la mapovu. Bomba lenye matundu limelazwa chini kabisa, limepita mshazari, hewa inasukumwa, mapovu yanapanda, taka zinanyanyuliwa juu halafu mkondo unazisogeza taratibu mpaka kwenye kikapu pembeni. Boti inapita juu, samaki anapita katikati. Kwenye mto wenye boti nyingi hiyo ni akili sana, huwezi kufunga kamba pale.

JUMA: Ila hilo macho utaweka wapi? Mapovu hayana uso.

SALMA: Juma.

JUMA: Nauliza kwa uzito kabisa. Kwa sababu mashine ambayo watu hawaioni, nani atailipia mafuta mwaka wa tatu? Wafadhili wanapenda kununua mashine, wanakata utepe, picha, wanaondoka. Kisha kuna mtu anatakiwa awepo Jumatatu baada ya mvua, kuna gari la kubeba, kuna mahali pa kupeleka. Uzio usiosafishwa ni mbaya kuliko kutokuwa na uzio, unakusanya taka mahali pamoja halafu mafuriko yanazipeleka baharini zote kwa mkupuo. Macho yanawafanya watu waulize "leo kala nini?" na hilo swali ndo linaleta hela ya mafuta.

SALMA: Hapo kwenye hela ndo nilikuwa nakuja.

JUMA: Najua unakokwenda.

SALMA: Waambie basi.

JUMA: Kuna kampuni ya vinywaji imejitokeza. Italipa ukarabati wa uzio, vigingi vipya, mishahara ya watu wanne mwaka mzima, na boti. Jina la kampuni hatulitaji. Mi nasema tukubali.

SALMA: Na mi nasema hapana, na watu wasikie sababu. Sisi tukitoa taka tunazipanga, tunahesabu, chupa ngapi, mifuko mingapi, na chapa gani. Mkataba wao una kipengele kwamba hesabu ya chapa isitangazwe mpaka wao waidhinishe. Juma, chupa zao ndo zimejaa kwenye wavu! Nitavaa fulana yenye nembo yao nikiokota nembo yao, halafu nisiseme nimeokota nini?

JUMA: Kipengele hicho nakichukia pia, tuombe kitolewe. Lakini wakikataa kukitoa, mi bado nasaini. Tuhesabu aina tu, tusihesabu chapa. Baltimore walihesabu nini? Maboksi ya povu, yale ya stairofomu ya kubebea chakula, vipisi vya sigara, mifuko, chupa. Aina. Na zile namba za maboksi ya povu zikasaidia sana mji wao ukapiga marufuku maboksi hayo 2019, jimbo zima la Maryland likafuata 2020. Sheria imepatikana, na hesabu ilikuwa ya aina.

SALMA: Povu ni rahisi, unapiga marufuku kitu chenyewe kinaondoka. Chupa hutapiga marufuku. Kwenye chupa unachotaka ni mwenye chupa alipe gharama ya kuirudisha, wajibu wa mzalishaji, na ili alipe lazima ujue ni nani. Ujerumani wana sheria ya amana kwenye chupa tangu 2003, unalipia chupa unaponunua, ukiirudisha unapewa hela yako, na zaidi ya chupa tisa kwa kila kumi zinarudi. Zinarudi, Juma! Hazifiki kwenye uzio. Sheria kama hiyo inapigwa vita na wauzaji wa vinywaji nchi nyingi, na wewe unataka wakushike mdomo.

JUMA: Sawa, ila tuangalie hizo chapa zenyewe. Ule utafiti wa 2024 kwenye jarida la kisayansi la Science Advances, watu wa kujitolea nchi 84 waliokota na kusoma chapa, zaidi ya nusu ya vipande havikuwa na chapa inayosomeka. Jua limefuta, maji yamekwangua, kipande ni kipande tu. Sasa unaacha watu wanne bila kazi, unaacha mto wazi, kwa ajili ya hesabu ambayo nusu yake haisomeki?

SALMA: Na nusu inayosomeka inasema nini? Utafiti huo huo! Kampuni tano zina karibu robo ya plastiki yote yenye chapa, Coca-Cola peke yake asilimia 11. Tano, Juma. Hao unaweza kuwaita mezani wote kwa siku moja.

JUMA: Na hao hao Coca-Cola mwaka 2021 waliingia ubia na The Ocean Cleanup kwa ajili ya mito. Mashine za mtoni zimewekwa, taka zimetolewa. Chupa iliyotolewa mtoni haiulizi nani kalipa.

SALMA: Mi nauliza.

JUMA: Kasa je?

SALMA: Usiniletee kasa. Kasa anakufa kwa sababu chupa zinatengenezwa nyingi kuliko tunavyoweza kuvua. Wewe unadhani tutafunga uzio kila mto? Utafiti wa 2021 umeonyesha mito zaidi ya 1,000 ndo inapeleka asilimia 80 ya plastiki ya mitoni baharini, na mingi ni midogo, inayopita mijini, kama huu wetu. Ile hadithi ya zamani kwamba ukishika mito kumi mikubwa umemaliza haipo tena. Zaidi ya elfu moja! Kila mto uutafutie mfadhili wa kukufunga mdomo?

JUMA: Hiyo namba inanisaidia mimi! Mito elfu, midogo, maana yake uzio wa bei ndogo na watu wanne wa kuusafisha, kila mahali, na lazima mtu alipe leo. Mazungumzo ya mkataba wa dunia wa plastiki si yalianzishwa Nairobi Machi 2022? Wamekaa Busan mwishoni mwa 2024 wakaondoka mikono mitupu, wamekaa Geneva Agosti 2025 vile vile. Nisubiri wao huku mvua zinakuja?

SALMA: Wamekwama kwa nini? Si kwa sababu kuna wasiotaka kugusa uzalishaji? Na wewe unaingia upande wao ukiwa umevaa fulana.

JUMA: Hapana, hilo silipokei. Mi niko upande wa mto.

SALMA: Na mimi niko upande gani?

JUMA: Wewe pia. Ndo maana haliishi.

SALMA: Haliishi. Sisaini.

JUMA: Mi nitasaini. Na kura ya kikundi ni Jumamosi, kila mtu apige anavyoona.

SALMA: Kuna mtu kaandika hapa, soma.

JUMA: Anasema, "Mkichukua hela au msichukue, jina liwe Bi Chujio." Bi Chujio! Salma, hilo limeshinda hata Afande.

SALMA: Bi Chujio ni zuri, nalikubali. Hilo tu.

JUMA: Na macho?

SALMA: Macho ya rangi isiyotoka na maji, na usichore kwenye maboya ya stairofomu, yanamomonyoka yanageuka taka yenyewe. Tena maboya yale ya povu tuyaondoe kabisa, tuweke mapipa ya plastiki ngumu yaliyofungwa vizuri.

JUMA: Dakika mbili zimebaki. Mambo yako matano?

SALMA: Tumefika la kwanza, na hata hilo umeliingilia na macho yako. La pili lilikuwa la waokota taka, kwamba wao ndo wanaozuia plastiki nyingi kabla haijaona maji na mikataba hii ya wafadhili haiwataji, hilo linataka kipindi kizima. La tatu lilikuwa chupa zinazozama. Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji, inaelea kwa sababu ya hewa ndani na kifuniko, kifuniko kikitoka ikajaa maji inakwenda chini, wavu wetu wa juu hauioni kabisa, kwa hiyo hesabu zetu zote za...

JUMA: Dakika moja.

SALMA: ...za chupa ziko chini ya ukweli. Basi. La nne na la tano yabaki.

JUMA: Wiki ijayo?

SALMA: Wiki ijayo tuna yule mama wa waokota taka, tumeshamwahidi, na yeye atazungumza anachotaka. Kwa sasa tunahitaji watu wa kurudisha uzio, kila anayekuja aje na glavu nene na viatu vya kufunika vidole, kuna vioo kwenye lile tope. Watoto wabaki juu darajani. Na mwenye nondo ndefu za kigingi atuandikie leo.

JUMA: Na mwenye rangi ya macho.

SALMA: Nondo kwanza, Juma. Kwaherini jamani.