Cais do Sodré: Mabaharia Walipoondoka

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nataka tuutazame mtaa mmoja wa Lisbon, nchini Ureno, uitwao Cais do Sodré, kando ya mto Tejo. Ukipita leo Rua Nova do Carvalho utakuta njia imepakwa rangi ya waridi, magari hayaingii, na usiku wa manane watu wamesongamana, glasi mkononi. Rangi hiyo ilipakwa mwaka 2011. Wageni huambiwa kwamba ndiyo iliyougeuza mtaa. Mimi sikubali.

Tuanzie melini. Zamani meli ikitia nanga, makuli walibeba magunia na makreti kwa siku nyingi, pengine hata wiki nzima. Muda wote huo baharia yuko nchi kavu, mshahara mfukoni. Baa zikamwita kwa majina ya mbali: Oslo, Copenhagen, Liverpool, Tokyo, Jamaica. Ghorofani, vyumba vilikodishwa kwa saa. Kisha likaja kontena. Mwaka 1956 meli ya Ideal-X iliondoka Newark, Marekani, na makontena 58, na katika miongo iliyofuata bandari za dunia zikashika njia hiyo hiyo. Siku zikawa saa. Baharia anapandisha na kushusha, kisha huyo, hajaonja hata chai ya mji. Waliokulia karibu na Kilindini wanalijua hili bila kufundishwa.

Baa za Cais do Sodré zikapungukiwa wateja, lakini hazikufa. Nalisisitiza hili kwa sababu husahauliwa: wenye baa, wahudumu na wanawake wa mtaa ule waliendelea kufungua milango miaka ambayo watu wa heshima waliogopa kupita. Vijana na wanamuziki walipoanza kuja, walikuta taa zinawaka na ngoma inalia. Baa ya Jamaica ilikuwa na wachezaji wake wa dansi zamani sana kabla ya rangi.

Mengine yalikuja upesi. Nyumba moja ya vyumba vya kukodi ikawa baa ya Pensão Amor. Duka la ndoana na mishipi likawa Sol e Pesca, wanapouza samaki wa kopo na mvinyo. B.Leza, ukumbi wa muziki wa Cape Verde, ukahamia ghala la kando ya mto. Mwaka 2014 soko la zamani la Ribeira likafunguliwa upande mmoja kuwa ukumbi wa vyakula.

Halafu thamani ya majengo ikapanda. Jamaica na Tokyo, zilizoustahimili ukame wote ule, zikalazimika kuhama jengo lao. Wakazi wa ghorofani nao wanapigania usingizi. Hili linaniuma. Manispaa iliyoweza kufunga barabara na kuipaka rangi ingeanza kwa kuwalinda wapangaji wa zamani kwa mikataba mirefu, na kwa kupanga saa za kelele, wakati kodi bado iko chini.

Karibuni kwa maswali.