Mshipa Haujakataa Kuota

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wanafunzi wa fani za afya, wagonjwa na ndugu zao)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Mimi ni mtu wa mazoezi tiba, na swali lililonileta hapa niliulizwa koridoni na mama mmoja. Wodini walilala vijana wawili wa bodaboda. Wa kwanza alivunjika mfupa wa juu wa mkono, mshipa wa fahamu ukapondeka, kiganja kikawa kinaning'inia. Baada ya miezi kadhaa kikaanza kuinuka. Wa pili aliumia uti wa mgongo, na miguu yake haikurudi. Mama yake akaniuliza: "Mshipa wa mwenzake umeota, mbona wa mwanangu umekataa?"

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limo katika kazi ya Albert Aguayo, daktari aliyezaliwa Argentina mwaka 1934 na kufanya utafiti wake Montreal, Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill.

Tuanze na mkono. Mshipa wa mkono ukikatika, sehemu iliyotengana na seli yake huoza; Augustus Waller alilionyesha hilo kwa vyura mwaka 1850. Sehemu iliyobaki na seli huchipua, na chipukizi hutambaa kama milimita 1 kwa siku. Nagonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya njia ya mshipa. Mahali mgonjwa anaposhtuka na kusema "shoti!", shoti inayokimbilia nyuma ya kidole gumba, ndipo chipukizi zilipofika. Naweka alama ya kalamu. Akirudi mwezi ujao, alama mpya iko sentimita mbili au tatu mbele ya ile ya zamani. Kipimo hiki kina jina la Mfaransa Jules Tinel, tangu 1915, na hakihitaji mashine yoyote.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, hali ni nyingine. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliandika kwamba humo kila kitu chaweza kufa na hakuna kinachoota upya. Papo hapo akaiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadili hukumu hiyo kali, ikiwezekana. Watu walishika hukumu wakaliacha agizo. Walimsahau pia mwanafunzi wake, Francisco Tello, ambaye mwaka 1911 alipandikiza vipande vya mshipa wa pembeni katika ubongo wa sungura akaona nyuzi, yaani mikia mirefu ya seli za fahamu, zikiingia ndani ya vipande hivyo. Ila hakuwa na njia ya kuthibitisha nyuzi zile zilitoka seli zipi. Swali likalala miaka 70 hivi.

Aguayo alilifufua. Mwaka 1981, yeye na Samuel David walichukua mshipa wa mguu wa panya, urefu wa kama milimita 35, wakapachika ncha moja chini ya ubongo na nyingine katika uti wa mgongo. Daraja likapita nje ya mifupa. Miezi ikapita. Kisha wakalikata daraja na kutia kimeng'enya ambacho uzi hukivuta kurudi nacho hadi kwenye seli yake. Hapo ndipo ushahidi aliokosa Tello ulipopatikana: seli za ubongo na za uti wa mgongo zilichukua rangi. Seli zilezile zilizodhaniwa haziwezi zilikuwa zimeotesha nyuzi za sentimita 3.

Ninyi wa kihambani, wenye migomba nyumbani, mtanielewa upesi. Chukua mche wa mgomba, ukaupande tambarare kwenye magadi, utadumaa. Upelekee gunia za udongo wa nyumbani, utachipua. Mgomba ni uleule.

Mimi naona huo ndio uzito wa kazi yake: aliligeuza swali lenyewe. Walioulizia kasoro ya seli wakaanza kuuliza kuna nini mahali ilipo. Mwaka 1988 Martin Schwab, Zurich, akaonyesha protini katika ala inayofunika nyuzi za ubongo zinazozuia uotaji; moja yake leo inaitwa Nogo-A. Wengine walichunguza kovu linalobaki mahali pa jeraha. Wengine walirudi kwenye seli, wakakuta kwamba utu uzima nao huipunguzia nguvu. Kwa hiyo udongo si kila kitu, na tusiwadanganye wagonjwa.

Kundi la Aguayo likaendelea na jicho. Waliweka kipande cha mshipa wa mguu mahali pa mshipa wa jicho, na baadhi ya seli za ubongo wa hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, zikaitikia mwanga tena. Lakini nyuzi zilikuwa chache, na zikishatoka darajani na kuingia ubongoni zilisonga kidogo tu zikasimama. Hapo ndipo kazi ingali ngumu hadi leo.

Mama yule nilimwambia: mshipa wa mwanao haujakataa, umezuiwa, na dawa ya kuufungulia njia bado hatuna wodini. Alinyamaza kitambo. Kisha akaomba nimwonyeshe namna ya kumgeuza kijana kila saa mbili bila kumvuta bega, asipate vidonda vya mgongo. Tukaenda kitandani.