Kwanza, Mtoe Nje Aliyemsindikiza

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Takwimu sirudii, zimo kwenye makabrasha yenu. Nina jambo moja, na waliowahi kunisikiliza wameshalichoka: mwanamke mwenye ulemavu akija dawati la jinsia, pale polisi, kuripoti ukatili, kabla hujafungua kitabu, mtoe nje aliyemsindikiza.

Mnaguna. Haya, sikilizeni kisa, kituo sikitaji. Kaletwa mama kiziwi, mkono umevimba, yuko na wifi yake. Askari akiuliza, wifi anajibu: kateleza bafuni. Huku yule mama anajishika kifundo cha mkono, anakisokota, anaonyesha mlangoni, anakisokota tena. Askari anamgeukia wifi: "Anasemaje?" "Anasema sakafu ilikuwa na sabuni." Na sabuni ikaandikwa, jamani! Ilibaki kidogo iingie kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Bahati alikuwepo afande mwingine, mama mtu mzima. Akamtuma wifi akatoe kopi ya kitambulisho steshenari, ng'ambo ya barabara. Akafunga mlango, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono wake mwenyewe: nionyeshe. Yule mama akaushika ule mkono, akausokotea mgongoni, akamsukuma afande polepole mpaka ukutani. Kisha akagusa kidole chake cha pete.

Sisemi hiyo inatosha kwa kesi. Maelezo yanataka mkalimani wa lugha ya alama asiye ndugu wa upande wowote. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wana matawi mikoani. Namba ibandikwe ukutani leo, msiitafute saa nane za usiku damu inachuruzika. Na msimtumie mtoto wake, nawasihi. Mtoto wa miaka tisa ataanzaje kueleza mbele ya askari baba alivyompiga mama?

Najua mtaniambia, "Mama, bajeti hatuna." Kumwambia wifi akae kwenye benchi nje kunataka fungu gani? Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tumeuridhia tangu 2009, na ibara ya 13 inawataja polisi waziwazi kwamba wafundishwe. Hamkuja hapa kufanya hisani.

Mwingine, mara nyingi ni mtendaji wa kata, atasema: "Mume ndiye anayemwogesha na kumlisha. Akikamatwa, nani atamhudumia?" Swali hilo nalichukia kwa sababu lina ukweli. Ndilo lililomfunga mdomo yeye mwenyewe miaka yote. Lakini kazi ya kulijibu ni ya ofisa ustawi: atafute dada, jirani, nyumba salama ambayo choo chake kinaingilika kwa kiti mwendo. Askari kuwaambia wakayamalize nyumbani si jibu. Mnamrudisha kwa mtu ambaye sasa anajua kuwa ameshtakiwa.

Halafu kuna ukatili ambao hata daktari hauoni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Vizuri. Sasa aliyefungia magongo ya mkewe stoo kutwa nzima, kachapa nani? Aliyeficha fimbo nyeupe? Aliyeshikilia dawa za kifafa? Aliyemwacha mkewe na haja yake kitandani mpaka akubali kuweka dole gumba kwenye karatasi za kiwanja? Sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani hatuna. Uganda wanayo tangu 2010, Kenya tangu 2015, na sisi... hapana, nisiingie huko, leo nina polisi na manesi, wabunge siku nyingine. Ninyi ulizeni tu: Magongo yako yako wapi? Dawa zako anazitunza nani? Simu yako je? Na jibu mliandike kwa maneno yake, msilisafishe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka niseme kuhusu wenye ulemavu wa akili, nao wanaeleza vizuri mkiwapa muda na maswali mafupi, ila msiwaulize yaleyale mara kumi wakadhani wamekosea. Na majengo. La majengo mmejionea: mafunzo ya ulemavu yamewekwa ghorofa ya pili, lifti mbovu, mwenzetu wa kiti mwendo kapandishwa mzobemzobe na vijana wa jikoni. Aliyechagua ukumbi namwona pale nyuma, tutaonana kwenye chai. La posho muulizeni mratibu, si mimi.