Njaa iko kichwani

Haya, wa nyuma sogeeni mbele kidogo, hiyo feni inapiga kelele. Leo naongea juu ya njaa na nataka mbebe kitu kimoja tu, mtu mnene si lazima awe mlafi na aliyekonda si eti ana nidhamu kushinda wengine. Uzito wa mwili una askari wake wa geti, anakaa chini kabisa ya ubongo, sehemu inaitwa hipothalamasi.

Sasa huyo askari anajuaje kama akiba ipo? Mafuta yenyewe ndo yanatuma habari, yanatoa homoni inaitwa leptini, Jeffrey Friedman na wenzake kule New York waliipata 1994. Mafuta yakijaa leptini inapanda ubongo unatulia, yakipungua inashuka na ubongo unashtuka. Ndani humo kuna seli za aina mbili zinavutana, zingine zinatoa kemikali zinaitwa AgRP na NPY, hizo ndo zinakufanya uone posho na maharage hata ukifumba macho, zingine zinatoa protini inaitwa POMC ambayo ikikatwakatwa inatoa kile kinachokwambia basi, imetosha. Tumbo nalo likiwa tupu linaleta homoni ya ghrelini kuchochea zile za njaa.

Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu watoto wawili wa ukoo mmoja, msichana wa miaka 8 mwenye kilo 86 na mvulana wa miaka 2 mwenye kilo 29. Walizaliwa kawaida, ila miili yao haikuweza kutengeneza leptini nzuri, kwa hiyo ubongo uliona njaa kila siku hata sahani ikiwa imejaa. Msichana akaanza kuchomwa sindano za leptini na ndani ya mwaka mmoja akapungua kilo 16 hivi. Si fimbo, si matusi, homoni tu!

Mtasema basi tuchomwe wote. Wapi! Wanene wengi leptini wanayo tele, shida ubongo haisikii vizuri. Halafu ukianza kujinyima, jioni unapita Wandegeya pale Kampala unakataa rolex, ile chapati ya mayai, leptini inashuka haraka, njaa inapanda na mwili unapunguza hata nguvu unayochoma. Na hapa kwetu Uganda kuna lingine, wazee wanakumbuka miaka ya 80 kule Rakai ukimwi uliitwa slim, yaani kukonda, mpaka leo mtu akikonda kidogo majirani wananong'ona, kwa hiyo anayejaribu kupunguza anapigana na ubongo na kijiji kwa wakati mmoja.

Zile sindano za kupunguza uzito mnazosikia, semaglutaidi, zinaiga GLP-1, homoni ya matumbo inayoambia ubongo umeshiba. Zinafanya kazi kweli, lakini wengi wakiacha njaa inarudi na sehemu kubwa ya uzito nayo, na kichefuchefu kinasumbua wengi, kwa hiyo anayekuuzia kwa simu bila hata kukuuliza una ugonjwa gani, mkimbie. Haya, mama wa gomesi ya kijani, mkono umeushikilia kitambo, uliza.